Msaidizi Kwanza, Nyota Baadaye

Mdogo wangu wa Morogoro, ujumbe wako nimeusoma wote, pamoja na ile orodha ndefu. Umechukua timu ya National League, ligi ya tano kwa ukubwa kule Uingereza, kwenye gemu la kompyuta la Football Manager. Bodi imekupa nafasi chache za makocha, umezijaza zote, na kila kocha umeniandikia nyota zake: huyu tatu, huyu tatu na nusu, yule nne. Halafu mwishoni kabisa ndiyo ukaitaja shida yenyewe, kwamba vijana hawakui, wachezaji unaowasajili wanakuangusha, na hujui umfukuze nani.

Kuna kitu nimekiona kwenye orodha yako. Makocha wote umewataja na nyota zao. Msaidizi wako umemtaja jina tu, basi. Hukuniambia alama zake hata moja, wala umempata wapi. Nadhani umemkuta pale klabuni na ukamwacha kwa sababu hakukusumbua. Tuanzie kwake. Na ninyi wengine mliouliza swali hilihili kwa maneno mengine, kaeni hapahapa, jibu lenu ni moja.

Ukifungua ukurasa wa kikosi unaona nyota mbele ya kila mchezaji: hiki kiwango chake cha leo, hiki ndicho anachoweza kufikia. Wengi wenu mnazisoma nyota hizo kama matokeo ya NECTA, yamebandikwa ubaoni na hayabadiliki. Hayo ni maoni tu, mdogo wangu. Kuna mtu ameyatoa, na mara nyingi mtu huyo ni msaidizi wako, akisaidiwa na makocha wengine. Anayatoa kwa kutumia sifa mbili alizo nazo: uwezo wa kupima kiwango cha mchezaji na uwezo wa kupima kipaji chake. Sifa hizo zina alama kuanzia 1 hadi 20. Mtu mwenye 7 anakupa nyota kwa ujasiri uleule wa mtu mwenye 17, na kwenye kioo nyota zao zinafanana rangi. Zaidi ya hapo, zinapimwa kwa kulinganisha na kikosi chako wewe. Mshambuliaji wa nyota nne kwenye ligi ya tano ukipanda naye daraja unaweza kumkuta ana mbili, na wala hajazembea.

Hebu jaribu hili. Siku utakayompata msaidizi mpya, kabla hajaanza kazi, piga picha ya kioo ukiwa ukurasa wa kikosi. Akishaingia, fungua ukurasa uleule uweke na ile picha pembeni. Yule winga wa miaka 17 uliyekuwa unamwona dhahabu, mwenye nyota nne za kipaji, sasa ana mbili na nusu. Beki wa kushoto uliyekuwa unatafuta wa kumpa kwa mkopo amepanda. Wachezaji ni walewale, mazoezi hawajafanya hata ya asubuhi moja. Sasa fikiria usajili wote ulioufanya msimu uliopita ukitegemea macho ya yule wa kwanza. Ndiyo maana naona makocha wako wa nyota nne hawana kosa kubwa. Wanafundisha vizuri watu ambao hawakupaswa kuwapo.

Wanaojua historia ya mpira watamkumbuka Brian Clough. Clough alikuwa na mdomo, alikuwa na mamlaka, wachezaji walimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Lakini mtu wa kuona wachezaji alikuwa msaidizi wake, Peter Taylor. Wakiwa pamoja waliipa Derby County ubingwa wa Uingereza mwaka 1972, kisha Nottingham Forest wakaipa Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Katikati hapo, mwaka 1974, Clough alikwenda Leeds United peke yake, Taylor akabaki Brighton. Alidumu siku 44. Sisemi ni kwa sababu ya Taylor peke yake, maana Leeds kulikuwa na mengi na wachezaji wenyewe hawakumtaka. Ila kama unatafuta picha ya kocha mkubwa aliyekosa jicho lake la pili, ni hiyo.

Kwa hiyo msaidizi mtafute mwenye 14 kwenda juu kwenye sifa hizo mbili za kupima. Kwenye ligi ya tano watu hao ni wachache na mshahara wao utakushinda, basi chukua 12 au 13 na usilalamike. Ukipata na ujuzi wa mbinu na uwezo wa kuishi na watu, shukuru, maana huyo unaweza kumwachia mikutano na waandishi wa habari na mechi za kirafiki ukapumzika. Je, kufundisha kwenyewe? Hata kama ana nyota mbili, mchukue. Najua hapa kuna wataalamu watakaonipinga, wanasema nafasi ya msaidizi ni kocha wa ziada wa bure. Kwenye timu kubwa nawaelewa. Kwenye timu ndogo, ambako kila usajili ukikosea unakufuata misimu miwili, mimi nataka mtu wa kuona kwanza.

Wala usiogope kumchukua aliyewahi kuwa kocha mkuu. Kila mtu kwenye gemu ana kazi anazozipendelea, ziko kwenye wasifu wake. Ukiona usaidizi umo, mfuate. Si jambo la kwenye kompyuta tu. Cedric Kaze, Mrundi, aliwahi kuwa kocha mkuu wa Yanga, akaondoka, akarudi pale pale kama msaidizi wa Nasreddine Nabi. Benchi lile la ufundi ndilo lililofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, wakashinda kule Algiers na bado kombe likaenda kwa USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Hilo la bao la ugenini tuliache, bado kuna watu wangu wa karibu hawajapona.

Sasa makocha wenyewe. Hapa ndipo mnapodanganyika na alama kubwa moja. Chukua watu wawili walioomba kazi kupitia tangazo lako. Wa kwanza ana kufundisha ushambuliaji 16 na ufundi wa mpira 15. Macho yanakutoka. Hebu shuka kwenye safu ya akili na tabia: ari ya kupambana 7, nidhamu anayoidai kwa wachezaji 6, kuhamasisha 8. Wa pili ana ushambuliaji 13, ufundi 14, halafu ari 16, nidhamu 15, kuhamasisha 16. Wengi wenu mnamchukua wa kwanza bila hata kumaliza kusoma.

Mchukue wa pili. Sifa hizo tatu, ari, nidhamu na kuhamasisha, zinaingia kwenye hesabu ya nyota za kila kundi la mazoezi, liwe la ulinzi, la kumiliki mpira, la nguvu au la makipa. Ushambuliaji 16 unaingia kwenye ushambuliaji tu. Waweke wote wawili kundi la mashambulizi na huyo wa pili hatakuwa nyuma, mara nyingi atakuwa mbele. Halafu siku kocha wako wa ulinzi akinunuliwa na timu nyingine katikati ya msimu, na atanunuliwa, huyu wa pili unaweza kumsogeza kule akaziba pengo. Wa kwanza ukimsogeza anakuwa mtu wa kubeba koni. Mimi nikitafuta kocha naanza kwa kuchuja sifa hizo tatu, wote wenye 13 kushuka chini naondoa, ndipo naangalia anajua kufundisha nini.

Kuna na jambo la mzigo. Pembeni ya kila kundi la mazoezi kuna alama inayokuonyesha kama mzigo wa kazi ni mwepesi, wa kati au mzito. Mdogo wangu mmoja wa Tanga alinitumia picha ya ukurasa wake: kocha mmoja hodari kabebeshwa makundi matano, wenzake watatu wamekaa na kundi mojamoja kwa sababu nyota zao ni ndogo. Kila kundi la yule hodari lilikuwa jekundu. Mpunguzie. Kocha wa nyota tatu mwenye mzigo mwepesi ana faida kuliko unavyodhani, na timu ndogo haijengwi na mtu mmoja anayekimbia kutoka goli hili hadi lile.

Kocha wa makipa mmoja anakutosha huko chini. Kocha wa viungo pia mmoja, ila awe mzuri kweli, kwa sababu hilo ni eneo ambalo mtu wa alama za juu anapatikana kwa bei rahisi hata ligi za chini. Madaktari na wataalamu wa tiba ya viungo, angalia sifa moja ya kazi yao na usipoteze jioni yako. Mtaalamu wa sayansi ya michezo anapunguza hatari ya majeraha. Bodi ikikuruhusu kuwa naye, chukua.

Mnaocheza toleo la 2024 mna kiti kingine, kocha wa mipira iliyokufa, ambacho kwenye matoleo ya nyuma hakikuwapo. Watengenezaji walikiweka kwa sababu kwenye mpira wa kweli kazi hiyo imekuwa kubwa. Arsenal walimchukua Nicolas Jover kutoka Manchester City mwaka 2021 kwa ajili ya kona na faulo, na kila anayetazama Ligi Kuu ya Uingereza ameona kona za Arsenal zimekuwaje tangu hapo. Kwenye ligi ya tano, ambako mabao ya kona na ya mrusho mrefu yanaamua mechi za mvua, mimi ningempa huyu pesa kabla ya mchambuzi wa takwimu.

Turudi kwa vijana wako, maana hapo ndipo ulipoumia. Uliniambia umeajiri makocha wazuri wa timu ya vijana na bado kila mwaka wanaingia watoto wavivu. Makocha wa vijana wanafundisha watoto waliokwisha kuingia. Anayehusika na wanaoingia ni mkuu wa maendeleo ya vijana, na kwake alama za kufundisha si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni tabia. Kwenye wasifu wake kuna maneno mawili matatu yanayomweleza alivyo: mweledi wa kazi, mwenye kudhamiria, mtu wa kawaida tu, asiyejituma. Tabia hiyo ina nafasi kubwa ya kuonekana kwa kundi jipya la watoto wa akademi. Na kwenye gemu hili kijana mwenye weledi hukua, asiyejali hubaki palepale hata ukimpa kocha wa nyota tano na uwanja wa nyasi za Wembley.

Huko Uingereza kundi jipya huingia mwezi Machi. Ukimwajiri mkuu mpya mwishoni mwa Februari umechelewa, na taarifa ya awali ya kundi lenyewe huwa imekwisha kukufikia. Mtafute kiangazi, kabla msimu haujaanza. Kwanza tabia, kisha uwezo wa kupima kipaji, kisha kufanya kazi na vijana. Ukipata mtu mwenye tabia nzuri na alama za wastani, na mwingine mwenye alama nzuri na tabia ya hovyo, hapo hakuna cha kufikiria. Hali kadhalika, wale watoto wavivu ambao tayari unao, waweke kwenye kikundi kimoja cha malezi na wachezaji wako watu wazima wenye msimamo. Siyo na yule nahodha anayegombana na kila mtu, hata kama anafunga.

Wengi mnaniuliza watu wa aina hii mnawatoa wapi bila hela. Kwanza, wasio na kazi, hao hawana fidia ya kulipa kwa klabu nyingine. Pili, waliobakiza miezi michache kwenye mikataba yao. Wafuatilie kuanzia majira ya kuchipua. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, wachezaji wako mwenyewe. Yule kiungo wako wa miaka 35 ambaye magoti yamegoma, mwenye ari 17, anayeheshimiwa na wenzake, mpe kazi kabla hajastaafu na kupotea. Alama zake za kufundisha zitakuwa ndogo mwanzoni. Iombe bodi ikubali kumlipia kozi za leseni, anapanda taratibu. Hapa kwetu Selemani Matola alikuwa nahodha wa Simba, na baadaye amekaa kwenye benchi lao kama msaidizi huku makocha wa kigeni wakija na kuondoka. Mtu wa namna hiyo anajua nani anajificha mazoezini, na hilo halihitaji tafsiri.

Usichanganye hilo na kumwajiri staa aliyestaafu kwa sababu ulikuwa na jezi yake. Mnajijua. Kwenye gemu, kama uwanjani, ukubwa wa jina unapandisha mshahara, haupandishi alama. Mfungue wasifu wake, jina lifunike kwa kidole, usome namba.

Leseni zenyewe msizidharau wala msiziabudu. Ngazi kubwa ya leseni inakuambia mtu amesoma na amefika mbali, haikuambii ana jicho. Will Still, kijana aliyekua akicheza gemu hilihili, alipewa timu ya Reims nchini Ufaransa Oktoba 2022 bila kuwa na leseni ya juu kabisa ya UEFA. Klabu ikawa inalipa faini ya euro 25,000 kila mechi, ikaona ni heri kulipa, na ikaenda mechi nyingi za ligi bila kufungwa. Kwenye gemu hutozwi faini ya hivyo kwa msaidizi. Mwenye leseni ndogo na alama kubwa ni bei rahisi. Mchukue kabla wengine hawajamwona, kisha mpeleke shule.

Skauti ni habari ndefu, nitawaandikia siku nyingine. Kwa leo jua moja tu: mbali na sifa zilezile mbili za kupima, angalia anazijua nchi zipi. Skauti watatu wote wanaojua Uingereza peke yake ni skauti mmoja anayelipwa mishahara mitatu. Na msidhani kazi hii ni ya kuchezea. Mwaka 2008 Everton ilikubaliana na Sports Interactive, watengenezaji wa gemu, kutumia hifadhidata yao kutafuta wachezaji. Nyuma ya zile alama kuna watu wanaokaa viwanjani kutazama.

Dada zangu mlioniuliza kuhusu toleo la 2026: ndiyo, lina ligi za wanawake, kwa mara ya kwanza. Toleo la 2025 lilifutwa Februari ya mwaka huo, ndiyo maana wengi bado mko kwenye la 2024, na kurasa za toleo jipya zimepangwa tofauti, mtahangaika kidogo kuzizoea. Niliyoyasema kuhusu ari, nidhamu na jicho la msaidizi nendeni nayo huko pia.

Kwako wa Morogoro, usimfukuze yeyote wiki hii. Fungua wasifu wa msaidizi wako, soma zile alama mbili. Zikiwa chini ya 10, weka tangazo la kazi leo, na mpaka atakapopatikana mwingine usisajili mtu kwa kufuata nyota. Mwangalie kwenye mechi, soma takwimu zake, ulinganishe. Kisha mtazame mkuu wako wa vijana. Kama ni huyohuyo uliyemkuta, nadhani tumempata mwenye kesi. Makocha wako wa nyota nne waache, ila wagawie mzigo upya.

Na wewe wa Kisumu unayeuliza kama umfukuze kocha wa makipa mzee aliyekaa klabuni miaka yote: mkataba wake umeniambia unaisha Juni. Ukimvunjia sasa unamlipa fidia, na kipa wako namba moja anampenda, utamkasirisha bure. Mwache amalize msimu. Tangazo la nafasi yake liweke Mei.